BMI yangu ni 24, lakini kiuno kinanitia wasiwasi

Daktari, salaam aleikum.

Mimi ni Mhindi mzaliwa wa Mombasa, umri miaka 43, nauza vifaa vya ujenzi na kutwa nzima nimekaa dukani. Nina kilo 70 na urefu wa mita 1.70. Juzi nilikwenda zahanati kupima afya. Muuguzi akapiga hesabu, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ikatoka 24.2, akanionyesha kwenye chati ya ukutani kwamba 18.5 hadi 24.9 ni rangi ya kijani. "Baba, wewe uko sawa kabisa."

Lakini sukari yangu kabla ya kunywa chai ilikuwa 6.4 mmol/L, na hilo hakulizungumzia. Marehemu baba alikuwa na kisukari, kwa hiyo usingizi sipati.

Kaka yangu anaishi Leicester, Uingereza. Kwa simu aliniambia kwamba kule mtu wa asili yetu huhesabiwa amezidi uzito kuanzia 23, si 25. Nikafuatilia. Wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani huko Singapore mwaka 2002 hawakuifuta chati ya kawaida, ila walitaka 23 iwe alama ya kuanza kuchukua hatua kwa watu wa Asia, kwa sababu mafuta hutujaa tumboni na kisukari hutuwahi hata tukiwa na kilo chache. Madaktari wa India ni wakali zaidi: kwao 25 tayari ni unene wa kupindukia.

Naliamini hilo kwa ninavyojiona. Mikono yangu ni myembamba, shati linanipwaya mabegani, lakini vifungo vya tumboni vinavutana. Nilijipima kiuno kwa tepu ya fundi cherehani: sentimita 95. Kwa wanaume wa Kihindi mpaka ni 90.

Nyumbani sieleweki. Nikiacha chapati moja, mama anasema nakonda, watu watadhani naumwa. Mke wangu naye anauliza napunguza nini ilhali muuguzi ameshasema niko sawa.

Daktari, nifuate mpaka upi? Ili nishuke chini ya 23 ni lazima nifike kilo 66. Nilenge kilo hizo, au nishughulike na kiuno hata mizani isiposogea? Kutembea jioni kunatosha, au nianze na mazoezi ya kujenga misuli? Na hiyo 6.4, je, niombe kipimo cha sukari ya miezi mitatu sasa hivi au nisubiri?

Msomaji wako, Mombasa