Barua kwa wazazi: buletini, vakansi kubwa na mazoezi ya umeme

Lubumbashi, mwanzo wa Julai

Wazazi wapendwa, baba na mama, pamoja na walezi wote,

Mwaka wa masomo umekwisha salama. Buletini, yaani ripoti za matokeo, zitatolewa Jumamosi saa tatu asubuhi, kila darasa kwa mwalimu wake, na mzazi aje mwenyewe. Wenye deni la minervali (ada ya shule) wapite kwanza kwa mtunza fedha waelewane naye. Masomo yataanza tena Septemba.

Lililonifanya niandike kwa urefu safari hii ni fizika ya watoto wa darasa la tatu la umanite (sekondari ya juu) ya sayansi, wanaopanda kwenda mwaka wa mwisho na kukabili Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Nimekaa na mwalimu wao tukapitia kopi za mtihani, yaani karatasi za majibu, moja moja. Sura ya chaji na saketi za umeme imewaangusha wengi, na si kwa kukosa akili. Fomula wanazo kichwani, hata usiku ukiwaamsha watakutajia. Hawajazoea kuzitumia, basi.

Tazameni swali hili. Betri ya volti 12 inapeleka umeme kwenye rezistansi (kizuizi cha mkondo) ya omu 4. Baada ya hapo waya unagawanyika njia mbili, moja ina omu 6, nyingine omu 3, kisha njia hizo zinakutana na kurudi kwenye betri. Mkondo unaotoka kwenye betri ni ampea ngapi? Wengi walijumlisha 4, 6 na 3 wakapata 13, wakagawanya haraka haraka, wakaendelea na swali lingine. Hawakuchora chochote. Aliyechora aliona kwamba ile 6 na ile 3 zimekaa sambamba, na zikiwa hivyo zinahesabika kama omu 2 tu. Ongeza zile 4, unapata 6; gawanya volti 12 kwa 6, na mkondo ni ampea 2 kamili. Kopi moja ilinifurahisha sana. Binti alichora skema (mchoro wa saketi) mara tatu, kila mara akiifupisha, mpaka ikabaki betri na rezistansi moja. Kisha akarudi nyuma akaonyesha kwamba theluthi moja ya mkondo inapita kwenye omu 6 na theluthi mbili kwenye omu 3. Hakuna aliyemuuliza hilo. Alitaka kuhakikisha jibu lake.

Kosa jingine lilirudi kopi baada ya kopi: eti mkondo ukishapita ampuli (balbu) ya kwanza, unaofika kwenye ya pili ni mdogo zaidi, kwa sababu mwingine umeliwa. Hauliwi. Ampuli mbili zikifuatana kwenye waya mmoja, mkondo ni uleule mwanzo hadi mwisho. Kinachoachwa kwenye kila ampuli ni nishati. Chaji zenyewe zimo tayari ndani ya waya mzima, hata kabla hujabonyeza swichi. Katika shaba hii inayochimbwa mkoani kwetu, waya wa milimita mraba 1 ukipitisha ampea 1, elektroni husogea chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita kwa sekunde. Kwa saa nzima hazimalizi hata sentimita 30! Ampuli inawaka mara moja kwa kuwa zote zinaanza kusukumwa karibu kwa wakati mmoja. Mtoto akilielewa hilo, nusu ya sura hii imefunguka.

Nyumbani maswali yamejaa. Jiko la umeme lililoandikwa wati 1,000 kwa volti 220 lina rezistansi ya omu 48 na kidogo. Jioni volti zikishuka hadi 150, jiko lilelile linatoa wati kama 465, chini ya nusu, na ndiyo sababu maji ya bukari (ugali) hayachemki na mama anarudia mbabula, jiko la makaa. Mwambieni mtoto awaonyeshe hesabu hiyo kwenye daftari. Au achukue simu: betri iliyoandikwa 5,000 mAh (miliampea-saa) inabeba chaji ya kulomu 18,000. Zimepatikanaje? Na ni elektroni ngapi, ikiwa kila moja ina kulomu 1.6 × 10⁻¹⁹?

Ninawaomba saa moja kwa siku, asubuhi au mchana wakati kuna mwanga, maana jioni umeme hauna uhakika. Maswali mawili au matatu yanatosha, mradi kila moja lianze na skema na kila namba iwe na kipimo chake. Najua wengine watakwenda kusaidia sokoni katika komini za Kenya au Katuba hapa mjini, na kazi ya nyumbani haikwepeki, hasa kwa mabinti. Hata hivyo mpeni binti saa yake kama mnavyompa kaka yake. Nanyi wazazi msiojua fizika msijitoe. Mtoto anasoma kwa Kifaransa. Mwambieni awaeleze kwa Kiswahili umeme unatoka wapi, unapita wapi, unagawanyika wapi. Akikwama katikati ya maelezo, hapo ndipo pa kurudia.

Jambo moja nalisema kwa mkazo. Majaribio yafanywe kwa betri za tochi za volti 1.5 na ampuli ndogo, basi. Asiguse priza (soketi ya ukutani), asifungue rallonge (waya wa kurefushia umeme), asijiunganishe kwenye waya wa jirani kwa kisingizio cha masomo. Volti 220 zinaua, na mkono wenye jasho au miguu iliyo kwenye sakafu yenye maji huongeza hatari. Hata betri ya tochi isiunganishwe pande zote mbili kwa waya mtupu, kwa sababu waya unapata moto na kuunguza vidole.

Chumba cha fizika kitakuwa wazi kila Jumanne na Alhamisi, saa mbili hadi saa tano asubuhi, mpaka katikati ya Agosti. Mwalimu atakuwepo na hakuna malipo. Mtoto aje na daftari, rula, penseli na swali lililomshinda, hata kama ameandika mstari mmoja tu.

Wenu katika kazi ya kuwalea,

Prefe wa masomo (mkuu wa shule)