Kriki ya baba yako usiiuze

Lubumbashi, Katuba

Ndugu yangu Ilunga,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Ile kriki, yaani jeki ya kuinulia pikipiki, ya marehemu baba yako imefika salama na basi la Likasi. Nakusihi, huyo mnunuzi wa vyuma chakavu anayeitaka mwambie hapana. Ni chombo kizuri na kitasimama tena.

Nimeisugua kwa mafuta taa. Kibandiko kimefutika karibu chote, lakini ubavuni pamebaki 1500 LBS. Hizo ni pauni, kama kilo 680, na pikipiki zetu za kubeba abiria hata kilo 150 hazifiki. Jina la kiwanda lisikuumize kichwa. Umbo hili la mikono miwili inayoinuka sambamba, pampu ya kukanyaga katikati na reli mbili za kubebea injini, limetengenezwa na viwanda vingi. Vipuri tutavipata kwa vipimo.

Bolti moja ya pampu imebaki, na ndiyo iliyoniambia mengi. Unene wake unakaribia milimita 12.7, na katika milimita 25.4, yaani inchi moja, nimehesabu meno 13. Basi ni nusu inchi, ya Kimarekani. Dukani watakupa ya milimita 12 wakuambie ni ileile. Hiyo inaingia mizunguko michache ikichezacheza, halafu inakwama, na ukiilazimisha kwa spana meno ya tundu yanalika.

Ndani nimekuta mafuta ya breki! Fundi fulani aliyatia zamani, na mafuta hayo huvimbisha pete za mpira za kriki kama hii. Ndiyo maana ilikuwa inashuka yenyewe. Nimepima mifereji pete zinamokaa, maana pete zenyewe zimevimba na kipimo chake hakifai tena. Nitaiosha yote na kutia mafuta ya haidroliki. Mipira ya juu ya reli nitaikata kwenye kipande cha mkanda wa mgodini, ule mpana wa kubebea mawe. Ni mgumu na haukatiki ovyo.

Kinachoninyima usingizi ni kufuli. Chuma bapa chenye meno kama msumeno, kinachonasa mkono ukishainuka, hakipo. Bila hicho pikipiki inashikwa na mafuta peke yake, na pete moja ikipasuka mzigo wote unamwangukia aliye chini. Baba yako alikuwa akilala chini ya injini nusu siku, Ilunga. Sitakurudishia kriki bila kufuli. Nimechora umbo lake kwenye katoni, na fundi mmoja wa Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, karibu na soko, atalikata kwenye bamba la milimita 8. Pini yake nimekataa isitoke kwenye nondo ya kujengea; ataikereza kwenye chuma kigumu.

Wewe nitafutie kanyagio. Muulize mama, huenda liko chumba cha nyuma pamoja na spana za baba: bomba fupi, ncha moja imebanwa bapa. Ukilipata mpe dereva wa basi. Lisipoonekana, nitachomelea jingine.

Yote yakikamilika nitaipandishia mifuko minne ya saruji, kilo 200, ilale nayo usiku kucha bila kufuli. Asubuhi nitapima kama imeshuka, kisha nitakupigia simu.

Rafiki yako,
Mwamba