Barua ya wazi kwa vijana mnaoonyesha filamu Goma: irudieni Waterworld

Wana wangu wa Himbi, Katindo, Majengo na Ndosho,

Salamu nyingi kwenu. Kila mkipanga filamu za dunia iliyoharibika, Waterworld ya 1995, ile ya dunia iliyofunikwa na maji, mnaikata kwa neno moja: ilianguka. Mkiulizwa ilianguka kwa sababu gani, mnataja pesa. Jibu hilo ndilo linalonifanya niwaandikie. Filamu hii ina makosa yake na nitayataja bila kuficha, lakini pesa haionekani kwenye kitambaa cha kuonyeshea.

Ilitengenezwa kwa dola milioni 175 hivi, na wakati ule hapakuwa na filamu iliyogharimu zaidi. Kabla mtu hajakata tiketi, maneno yalikuwa yameshaenea: sehemu ya mandhari imezama kwa dhoruba, mwongozaji Kevin Reynolds ameondoka uhariri haujaisha, Kevin Costner aliyecheza Baharia ndiye anayeimalizia. Marekani ilikusanya milioni 88, dunia nzima 264. Mwenye ukumbi hubaki na karibu nusu ya tiketi, kwa hiyo deni halikulipwa na sinema peke yake. Video na televisheni ndizo zilizokuja kulipia pole pole. Mchambuzi wa mwaka ule alikuwa anasoma bili. Ninyi hakuna anayewadai.

Bili yenyewe ina somo, hasa kwenu mnaotaka kupiga filamu zenu kando ya ziwa. Walijenga kijiji cha chuma chenye uzito wa karibu tani 1,000, wakakiweka kielee baharini karibu na Kawaihae, Hawaii. Nchi kavu, mandhari hutulia na jua peke yake ndilo linalosogea. Majini, mandhari nayo huzunguka kwenye nanga yake: unapiga picha ya kwanza kivuli kiko shavu la kushoto, unapiga ya pili kimehamia la kulia, na zote mbili ni za dakika moja ya hadithi. Kamera inayumba na chombo chake, mchezaji anayumba na chake. Kila mtu na kila betri lazima viletwe kwa mashua. Ziwa letu la Kivu litawafanyia vile vile. Pigeni kwanza picha zote za upande mmoja, katika saa zile zile za jua, ndipo mgeuze kamera.

Sasa nakala, maana wengi mnaichukia filamu ambayo hamjaiona. Toleo la sinema lina dakika 135. Mkikuta 130, msishtuke: nakala za televisheni na DVD za Ulaya hukimbiza picha 25 kwa sekunde badala ya 24, filamu inapungua kwa asilimia nne na sauti za watu zinapanda kidogo. Chini ya 125, imekatwa, iacheni. Kuna pia toleo refu la karibu saa tatu; hilo nitalirudia. Angalieni na umbo: kitambaa chenye upana wa mita 3 kinatakiwa kupata picha yenye kimo cha mita 1 na sentimita 62. Nakala ya mraba imekatwa ubavuni, na katika filamu hii ubavu ndio wenye mashua.

Zaidi ya yote, msiionyeshe nakala ya msimulizi anayefunika sauti ya filamu kwa maneno yake. Nawaheshimu wasimulizi, wana kipaji, lakini ukimya huwatisha. Baada ya sauti fupi ya ufunguzi, dakika za mwanzo hazina maneno karibu hata moja, na msimulizi atazijaza na hadithi yake. Sauti ya filamu hii ilipendekezwa kwa Oscar; mkiifunika mmeitupa nusu. Chukueni ya Kifaransa. Wanaotia sauti za Kifaransa hubadilisha maneno tu; maji, mbao na muziki hubaki chini kama vilivyokuwa. Asiyejua Kifaransa mwelezeni kabla, dakika tano zinatosha. Jenereta likae nyuma ya ukuta wa mawe, na waya mrefu uwe wa milimita za mraba 2.5. Mwembamba hupata moto, umeme unapungua njiani, projekta inazima katikati.

Mwanzo ule wauangalie vizuri. Mtu anakojoa ndani ya kikombe. Anamimina kwenye mtambo wa mikebe na mipira, anazungusha mkono wa chuma, maji yanatoka, anakunywa. La mwisho lililobaki mdomoni analitemea mti mdogo wa ndimu alioupanda ndani ya chombo. Hakuna aliyeeleza lolote, na tayari mnajua maji matamu yana bei gani, kwamba mtu huyu yuko peke yake muda mrefu, na kwamba kuna kitu kimoja anachokitunza. Mtoto aliyebeba bidoni ya lita 20 kutoka ziwani asubuhi ataelewa kabla ya mwalimu wake.

Kisha kijijini, anafungua chombo cha udongo mkavu na watu wanashangaa. Udongo ndio fedha yao. Magazeti ya Ulaya yangeweza kuliona hilo kama kichekesho. Goma hatuwezi. Anayejenga juu ya lava ya Nyiragongo ya 2002 anajua kununua udongo na kuuleta kwa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, gunia kwa gunia, ndipo apande lengalenga, yaani mchicha. Simamisheni filamu hapo, muulize ukumbi gunia linauzwa ngapi sasa. Wafu wa kijiji kile nao hawatupwi baharini, wanazamishwa kwenye tope ili wawe mbolea. Hayo yamefikiriwa na mtu makini.

Mashua pia. Ina matumbo matatu, na zilijengwa mbili Ufaransa, zinazosafiri kweli. Kivu mnaijua sura hiyo: mitumbwi mitatu iliyofungwa kwa miti mirefu, inayotoka usiku na taa kuvua sambaza, samaki wetu wadogo. Upana ndio unaozuia kupinduka. Mlingoti ukiinuka na tanga kufunguka, rudisheni nyuma mwone mara mbili: kamba inavutwa, uzito unahama, chombo kinaitika. Mpiga picha alikuwa Dean Semler, na jua lile ni jua la kweli. Mwalikeni mvuvi mmoja wa sambaza akae mbele.

Makosa sasa. Hesabu ya maji haiwezekani kabisa. Barafu yote ya dunia ikiyeyuka, bahari inapanda mita 70 hivi. Filamu inafunika kila kitu hadi karibu na kilele cha Everest, mita 8,849. Ziwa letu liko mita 1,460, Nyiragongo 3,470. Vyote vingekuwa chini. Lisemeni kabla ya kuanza, ili kijana aliyesoma jiografia asikae saa mbili akilipigania hilo.

La pili ni zito zaidi. Baharia anamtupa mtoto Enola majini, anawakata nywele yeye na Helen, mwanamke anayemlea, kwa hasira, na anakubali kumkodisha Helen kwa mgeni kwa ajili ya karatasi, kabla ya kubadili nia. Filamu inataka tumsamehe haraka mno. Msilipite hilo kwa sababu picha ni nzuri. Wapeni dada zenu nafasi ya kulisema.

Kuhusu wabaya wa filamu, mchezaji Dennis Hopper na watu wake wa sigara, nawaomba subira. Wanapiga kelele, ni kweli. Lakini angalieni jina la meli wanamoishi: Exxon Valdez, ile iliyomwaga mafuta Alaska mwaka 1989. Wametundika picha ya nahodha wake kama ya mtakatifu, na wanaishi kwa kuchota mafuta ya mwisho tumboni mwake. Hiyo ni lawama kali, na wengi walicheka mdomo wa Hopper tu.

Onyesheni toleo la sinema Jumamosi. Jumapili wekeni dakika kumi za mwisho za toleo refu peke yake. Katika la sinema, nchi kavu haina jina. Katika refu, mlimani kuna kibao kinachomtaja Tenzing Norgay na Edmund Hillary, waliofika kilele cha Everest mwaka 1953, na mnatambua wamesimama wapi. Muulizeni ukumbi ni mwisho upi wenye nguvu. Mimi nachagua usio na jina, na najua wengi wenu mtakataa. Baharia anaondoka, anarudi majini. Msiwashe taa wakati huo. Ngojeni muziki uishe, kisha mpeni mvuvi neno la kwanza: kwa nini mtu aliyepata udongo arudi kwenye maji?

Muzee wenu,
Himbi, Goma