Pai ya pekani ndani ya bilauri

Louisville, Kentucky
2 Desemba

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Barua yako niliipata siku mbili kabla ya Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, na nimechelewa kuijibu kwa sababu nilitaka kwanza nikiandae kinywaji chenyewe mara tatu, nikuandikie jambo ambalo mikono yangu imekwisha kulihakikisha. Uliniambia kwamba Krismasi hii ndugu wote watakutana kwako Moshi, kwamba baada ya chakula ungependa kuwapa watu wazima kokteli ya wiski inayoweza kushika nafasi ya kitindamlo, na kwamba jaribio lako la kwanza, la wiski, maziwa ya kopo na shira ya chokoleti, lilimfanya shemeji aiweke bilauri mezani baada ya mafunda mawili. Nimelifikiria sana jaribio hilo, kwa maana nami nilipofika huku nilianza kwa njia hiyo hiyo, na naamini najua lilipoharibikia.

Sote wawili tulidhani kwamba kitindamlo ni utamu. Lakini kumbuka keki yoyote uliyowahi kuipenda, kisha ujiulize ulipenda nini ndani yake: utakuta ni harufu ya siagi iliyoiva, chembe ya chumvi, ule ukingo uliokaribia kuungua, njugu zilizokaangwa zikatoa mafuta. Sukari inayabeba hayo yote, lakini yenyewe peke yake ni peremende tu. Tena wiski, hasa ile ya huku Kentucky inayoitwa bourbon, tayari imebeba sehemu kubwa ya kitindamlo hicho kabla hujaifungua chupa. Kazi yetu ni kukiita kitoke, wala si kukifunika kwa maziwa.

Sheria ya Marekani inataka bourbon itengenezwe kwa nafaka ambazo angalau asilimia 51 yake ni mahindi, na inataka ilazwe katika mapipa mapya ya mwaloni ambayo ndani yake yameunguzwa kwa moto. Kuitia rangi au ladha ya kuongeza hairuhusiwi. Siri yote imo katika moto huo. Mbao za mwaloni zinapoungua, ligini, ambayo ndiyo inayoupa mti ugumu wake, huvunjika na kutoa vanilini, yaani ile harufu kuu ya vanila, na sukari iliyojificha ndani ya mbao hugeuka karameli. Kisha kiangazi cha Kentucky, ambacho ni kikali, hukitanua kileo kikapenya ndani ya mbao, na majira ya baridi hukirudisha, mwaka baada ya mwaka. Niliwahi kuingia katika ghala moja la mapipa karibu na Bardstown, na kabla mtu yeyote hajafungua chochote, pumzi yangu ya kwanza ilikuwa ya vanila, sukari iliyoungua na mbao zenye unyevunyevu, kana kwamba mtu alikuwa ameacha keki katika oveni mahali fulani gizani. Nje, kuta na vigogo vya miti vilikuwa vimetanda weusi wa kuvu linaloishi kwa mvuke wa kileo unaotoroka mapipani. Tangu siku ile sikutia tena chokoleti katika bourbon.

Kitindamlo nilichokichagua ni pai ya pekani, kwa sababu ndicho kinachopatana na wiski hii kama ndugu wa tumbo moja. Pekani ni njugu za mti wa asili wa Amerika ya Kaskazini, na pai yake, ambayo hapa kusini haikosekani mezani mwezi wa Novemba, ni mayai, siagi, sukari ya kahawia, njugu zenyewe na shira ya mahindi. Kwa hiyo pai na wiski vyote viwili vimetoka katika shamba la mahindi. Nilipolitambua jambo hili nilielewa kwa nini wenyeji hutia kijiko cha bourbon katika pai yao, na nikaona hakuna kizuizi cha kufanya kinyume chake.

Anza na siagi, siku mbili kabla ya wageni, maana hapa ndipo kinywaji kinapopata mwili. Chukua gramu 120 za siagi isiyo na chumvi, uiyeyushe katika sufuria nyeupe kwa moto mdogo, usiondoke jikoni. Kwanza itatoa povu na kelele, ambazo ni maji yake yakikauka. Kelele zikitulia, tazama chini ya sufuria, utaona vichembe vya maziwa vikigeuka kutoka rangi nyeupe kuwa dhahabu, na kutoka dhahabu kuwa kahawia ya ganda la korosho iliyobanikwa. Harufu itabadilika ghafla iwe ya njugu. Hapo hapo iepue, kwa sababu kati ya kahawia na nyeusi hakuna hata nusu dakika. Zima jiko kabisa kabla ya kufungua chupa, kwani mvuke wa kileo hushika moto, na uiache siagi ipoe kama dakika tano. Kisha mimina chupa nzima ya bourbon ya mililita 750 katika mtungi wa kioo wenye mdomo mpana, ongeza siagi pamoja na vichembe vyake vyote, funika, tikisa kwa nguvu, na uiache mezani saa mbili au tatu ukiitikisa kila unapopita.

Baada ya hapo mtungi uingie katika friza ulale humo usiku kucha. Wiski haitaganda, lakini mafuta yatapanda juu na kuwa kisahani kigumu cha rangi ya manjano ambacho utakitoboa na kukinyanyua kwa kijiko. Kilichobaki kichuje mara mbili kwa kitambaa safi au karatasi ya kuchujia kahawa kikiwa bado baridi. Nasisitiza ubaridi huo: mara ya kwanza niliacha mtungi upate joto kabla ya kuchuja, mafuta yakayeyuka upya, na kinywaji kikaacha utando midomoni mwa wageni. Ukichuja vizuri hutaona siagi hata kidogo, ila utaisikia katika harufu na katika ule ulaini unaobaki ulimini. Ukiwa na samli ya nyumbani ambayo mashapo yake yameachwa yakaiva barabara, itumie hiyo badala ya siagi, na nadhani huenda yako ikaishinda yangu.

Shira ni rahisi zaidi. Huku natumia gramu 100 za pekani, lakini kwako sioni sababu ya kuzitafuta, kwa kuwa korosho za Mtwara zina mafuta na utamu wa kutosha. Zibanike hadi zinukie, zikatekate, uzitie katika sufuria pamoja na gramu 200 za sukari guru, mililita 200 za maji na chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Ichemke polepole dakika kumi, iepue, uiache njugu humo saa nzima, kisha chuja. Sukari guru naipendelea kuliko hata sukari ya kahawia ya huku, kwa sababu ina ile harufu ya muwa na moshi ambayo inakutana na mwaloni njiani. Njugu zilizobaki zikaushe kwa moto mdogo, uziweke katika kisahani kando ya bilauri. Watu watazimaliza kabla ya kinywaji.

Sasa tuje kwenye kuchanganya. Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, jimboni New York, liliulizwa na msomaji kokteli ni kitu gani, likajibu kwamba ni kileo cha namna yoyote, sukari, maji na dawa chungu ya viungo. Vitu vinne tu, na hadi leo kinywaji hiki nilichokuandikia hakikutoka nje ya vinne hivyo. Hicho cha nne ndicho watu wa nyumbani wanakiacha, nacho ndicho kilichokosekana katika bilauri ya shemeji. Wewe uliyekulia chini ya mlima huhitaji maelezo marefu: wazee wetu wangeweza kuiacha mbege na utamu wa ndizi peke yake, lakini waliitia gome la msesewe ili uchungu ule uushike utamu usizagae mdomoni. Angostura, dawa chungu ya viungo inayouzwa katika ile chupa ndogo iliyovishwa karatasi iliyoizidi kimo, ambayo daktari wa Kijerumani aliyeitwa Siegert alianza kuitengeneza Venezuela mwaka 1824, inafanya kazi hiyo hiyo. Tafadhali usitie msesewe wenyewe katika wiski, maana ni dawa kali na vipimo vyake vinajulikana kwa mbege tu. Ukiikosa Angostura, tia kijiko kimoja cha chai cha kahawa nzito isiyo na sukari katika kila bilauri; kahawa ya Kilimanjaro ina uchungu safi na itakaa vizuri na korosho.

Kwa bilauri moja, pima mililita 60 za wiski yako ya siagi na mililita 10 za shira, yaani vijiko viwili vya chai, kisha tikisa chupa ya Angostura juu yake mara mbili. Jaza barafu katika jagi, koroga taratibu kwa muda wa nusu dakika bila kulitikisa, halafu chuja juu ya bonge moja kubwa la barafu. Watu huyachukia maji katika wiski, lakini yale yanayoyeyuka wakati wa kukoroga ni kiungo kama viungo vingine. Bila hayo ukali wa kileo hufunga pua, na harufu za vanila na siagi ulizozihangaikia hazitoki. Nataka bonge kubwa kwa sababu ile ile: huyeyuka polepole, na funda la mwisho linafanana na la kwanza. Gandisha maji katika kibakuli kidogo cha plastiki, yanatosha.

Mwisho, kata ganda la chungwa lenye upana wa vidole viwili, bila nyama nyeupe nyingi, ulibinye juu ya bilauri upande wa nje ukitazama chini. Ukilifanya mbele ya taa utaona vumbi jepesi la mafuta likirukia kwenye kinywaji. Machungwa ya Muheza yana ganda la kijani, lakini hilo lisikutie wasiwasi, mafuta yamo vile vile.

Kwa kuwa wageni ni wengi, usikubali kusimama jikoni ukikoroga bilauri moja moja huku wengine wakizungumza sebuleni. Kwa watu kumi, changanya asubuhi mililita 600 za wiski, mililita 100 za shira, vijiko vitatu vya chai vya Angostura na mililita 150 za maji safi, ambayo yanachukua nafasi ya yale ya barafu, kisha uweke katika jokofu. Jioni utamimina tu juu ya barafu na kubinya ganda la chungwa. Bilauri moja kwa kila mtu inatosha, kwani ni kileo kamili hata kama kinaingia kwa upole, na wenye kuendesha gari wape shira hiyo hiyo katika kahawa ya moto; wasionekane wameachwa nje ya sherehe.

Kuhusu wiski ya kununua, bourbon yoyote ya bei ya kati itafaa, na usiharibu fedha kwa chupa ya gharama kubwa, kwa sababu siagi inafunika tofauti ndogo ndogo. Wiski za Scotland zenye harufu ya moshi ziache kwa siku nyingine. Konyagi nayo, pamoja na mapenzi niliyo nayo kwayo, haikulala ndani ya pipa lililounguzwa, kwa hiyo haina vanila ya kuitwa itoke.

Na kama shemeji bado anataka maziwa, mpe haki yake kwa njia ya Waairishi. Joe Sheridan, mpishi wa Foynes huko Ireland katika miaka ya 1940, alipowapa abiria waliopigwa baridi kahawa yenye wiski, malai aliyaweka juu, hakuyachanganya. Piga malai mabichi bila sukari hadi yawe mazito kidogo ila bado yanamiminika, uyateremshe juu ya kinywaji chake kwa mgongo wa kijiko, bila lile bonge la barafu, na ukune kungumanga kidogo. Atakunywa wiski baridi kupitia malai, na kila funda litakuwa na vyote viwili.

Niandikie mara tu utakapokuwa umejaribu shira ya korosho. Kifurushi cha pekani nimekituma kwa mtu anayesafiri kuja Arusha tarehe 15, ili ulinganishe mwenyewe.

Wasalimie wazee wote, na mwambie shemeji kwamba bilauri ya kwanza ni yake.

Wasalaam,
Rafiki yako wa siku zote