Ndege Inavuta Kushoto

Ndugu yangu Nassor,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, mama anakusalimu sana, Khamis bado anakumbuka deni lako na bado hana kitu. Kimya chetu kimekuwa kirefu, tutalaumiana tukionana. Leo nina jambo linaloninyima usingizi, na sijui mwingine wa kumwandikia ambaye hataniambia "si mchezo tu wa kompyuta?"

Ndege yangu ya kwenye simuleta, ule mchezo wa urubani wa kompyuta, inavuta kushoto. Ni Cessna 172 ile ile tuliyoanzia wote. Naishusha kiwanja cha ndege cha Kisauni, hapa Unguja, vizuri, mwendo noti 65 (maili 65 za baharini kwa saa), flapu, yale mabapa ya nyuma ya mbawa, zote chini, pua imelala juu ya mstari wa katikati. Tairi zikigusa lami tu, inakata kushoto kwenda majanini. Tena si kwa nguvu ile ile kila mara: pengine inayumba kidogo ikarudi, pengine inatoka ranwei kabisa. Hapo ndipo panaponiumiza kichwa. Kosa linalojirudia namna moja hulikamata upesi, hili linajificha.

Khamis kasema upepo. Nikamsikiliza, maana ni kweli upepo wa ubavuni husukuma mkia na pua ikageuka kuufuata unakotoka. Nikaweka kusi, nikatua ranwei 18, inayoelekea kusini. Upepo watoka kusini mashariki, yaani kushoto kwangu, na ndege ikaenda kushoto. Khamis akapiga makofi. Nikaweka kaskazi, nikatua 36, inayoelekea kaskazini, sasa upepo watoka kulia na pua ingepaswa kutafuta kulia. Ikaenda kushoto. Nikauzima upepo wote. Kushoto. Khamis akakumbuka ana miadi ya kahawa.

Mzee Haji, unamjua alivyo, akasema ni propela. Nalo si la kubeza, propela huivuta ndege ile kushoto kweli, lakini hasa wakati wa kuruka, gesi imefunguliwa yote na mwendo bado mdogo. Wakati wa kutua gesi nimeshaifunga, injini inanguruma chini chini tu. Nguvu ile haiwezi kuitoa ndege barabarani.

Basi nikaacha kuuliza watu, nikaanza kutazama marudio polepole, kamera nimeiweka nyuma ya mkia. Nassor, nilichokiona ndicho kilichonifanya nikuandikie. Angani hamna kasoro yoyote. Kile kigololi cha kwenye dashibodi, kinachoonyesha ndege ikiteleza ubavu, kimetulia katikati mpaka dakika ya mwisho, kwa hiyo usukani wa mkia haukuwa umepinda. Zikagusa tairi mbili za nyuma, na hapo hapo pua ikaanza kwenda, tairi la mbele bado liko hewani! Ingekuwa kasoro ya tairi la mbele, ingengoja lishuke kwanza. Na breki za 172 ziko wapi? Tairi za nyuma tu. Angani breki haina kazi, ukiikanyaga usiikanyage ndege haijui. Ndiyo maana ilijificha safari nzima ikajitokeza kwenye lami.

Nikachomoa pedali za miguu, zinazoongoza usukani wa mkia na breki, nikatua kwa joistiki na kibodi peke yake. Ikanyooka.

Sasa zile pedali ni nilizonunua mkono wa pili kwa yule baharia wa Malindi. Nikafungua ukurasa wa mipangilio, pale kila mhimili, yaani kila kitu unachokisukuma au kukikanyaga, unapoonekana kwa mstari wake. Miguu nimeitoa, na mstari wa breki ya kushoto haukurudi sifuri, unatetemeka juu kidogo. Nikaweka mpaka kwamba mguso mdogo usisomwe, na ndege ikitambaa kwenda maegeshoni ikawa sawa kabisa. Nikadhani yamekwisha. Kutua, bado. Nikachukua pedali mkononi, nikasukuma ya kulia mbele taratibu ili ya kushoto irudi nyuma, bila kugusa breki hata moja. Mstari wa breki ya kushoto ukaruka mpaka karibu nusu, ukashuka, ukaruka tena. Unaona? Inaamshwa na mwendo wa pedali yenyewe. Mimi nashuku waya unaokwenda kwenye potenshomita, kile kidude kinachopima breki imekanyagwa kiasi gani, umechoka pale unapojikunja, au potenshomita yenyewe imelika. Nimejaribu kuunganisha upya, nimebadilisha tundu la USB, nimehakikisha joistiki haijapewa mhimili huo huo. Hakuna kilichobadilika.

Ningeweza kuvumilia, lakini yupo Salim. Anakuja kila Jumamosi, na baba yake kishaanza kutafuta ada ya chuo cha urubani. Wiki iliyopita nimemwona anakanyaga kulia kabla tairi hazijagusa, anaisubiri ndege imvute. Hakuna aliyemwambia, mguu wake umejifunza wenyewe. Nassor, kijana huyu atakaa kwenye ndege ya kweli yenye breki nzima, akanyage kulia kabla ya kugusa, na tairi la mbele lishuke huku pedali imekanyagwa. Lile tairi hugeuka nyuzi 10 kwa pedali tu, bila breki. Kwa mwendo wa kutua si kidogo. Nimemsimamisha kutua kwa sasa, tunafanya mizunguko ya angani na kusoma ramani. Amenuna, lakini sitaki ajifunze dawa ya ugonjwa ambao ndege haina.

Narudi kwenye pedali. Zako ni aina hii hii na uliwahi kuzifungua, nakumbuka ulivyolalamika kuhusu ile springi iliyoruka chini ya kabati. Nakutumia faili ya safari yangu ya mwisho, ndege iko maili tatu kabla ya ranwei, upepo sifuri. Itue kwako. Ikinyooka, basi tumemaliza ubishi.

Ulipofungua, potenshomita za breki zilikuwa za skrubu au zimebandikwa kwa gundi? Waya wake ulipita chini ya bawaba au pembeni? Huko Ruwi, Maskati, zinapatikana zile sensa za sumaku zisizosuguana, na kwa bei gani? Wewe ungebadilisha moja tu au zote mbili ili breki zisome sawa? Na Zuwena anarudi lini, anaweza kubeba kifurushi kidogo? Pesa nitampa ndugu yako wa Darajani siku hiyo hiyo.

Kama hutaweza kutafuta wiki hii, niambie tu la waya, nitaanza na hilo Ijumaa baada ya sala.

Wasalaam,
Suleiman