Wao walikuwa wanaikimbia meli

Kaka vipi, za Tanga? Meseji yako nimeisoma nikacheka halafu nikasikitika, yaani mpaka leo wakala anataka umtoe kitu kidogo ndo upande meli kama baharia. Sasa sikia hii, kuna mji wa bandari watu walikataa kata kata kupandishwa meli, Boston ya Marekani, mwaka 1747, enzi hizo bado koloni la Mwingereza.

Kulikuwa na komodoo, yaani mkuu wa kikosi cha manowari za Uingereza, anaitwa Charles Knowles, mabaharia wake wanamtoroka kila siku (utawalaumu? mshahara kiduchu, viboko tele), basi usiku wa kuamkia tarehe 17 Novemba akatuma maboti yazoe watu wakafanyishwe ubaharia kwa nguvu. Si unaujua msako wa karandinga, anayeonekana ndani. Wakazoa 46, tena sio mabaharia tu, hadi vijana wanaojifunza useremala wa meli na vibarua waliokuwa gatini wanahangaikia riziki zao.

Mji ukawaka. Watu kwa maelfu wakawakamata maofisa wa manowari waliokuwa nchi kavu, we umechukua wetu na sisi tunachukua wako. Naibu sherifu aliyejitia kuingilia wakambana miguu kwenye mbao hadharani. Vioo vya jengo la serikali wakavivunja. Gavana William Shirley akaita wanamgambo, wapi, watakujaje wakati wengi wao ndo haohao wako barabarani? Ikabidi akimbilie ngome ya kisiwani, na Knowles huko majini anatishia kuupiga mji mizinga.

Ila iliyoniacha hoi ni ile mashua. Waliikuta dokini wakasema hii ya manowari, wakaikokota mpaka uani kwa gavana waichome palepale, halafu wakashtuka kwamba moto utashika na nyumba zao, wakaikokota tena hadi uwanja wa wazi ndo wakaitia moto. Fujo lakini akili kichwani! Kumbe haikuwa ya manowari hata kidogo, ya nahodha mmoja wa meli ya Waskochi, hana ugomvi na mtu.

Baada ya siku tatu hivi maofisa wakaachiwa, na wengi wa waliozolewa wakarudi kwao. Mi namfikiria yule nahodha tu, katoka asubuhi anaitafuta mashua yake.

Nisalimie mama, na huyo wakala usimpe hela kabla hujaona mkataba.