Mwanangu, kabla hujalipia hiyo Leaf

Marahaba mama. Picha zote za hiyo Nissan Leaf, gari ya umeme unayotaka kununua, nimezipata, na ile voisi noti yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nikiwa nakunywa chai, ya pili mama yako yuko pembeni anauliza "sasa hiyo gari mafuta inawekewa wapi". Nilitaka nikupigie ila nakujua, kwenye simu utasema sawa baba, sawa baba, alafu kesho nasikia ushalipa. Kwaiyo naandika. Soma yote hata kama ni ndefu, soma ukiwa kwenye foleni pale Kimara, si ndo mnakaa hapo saa nzima.

Kwanza sikukatazi. Najua ulijiandaa kwa ugomvi, maana baba yako mdogo kashasema gari ya umeme ni mdoli wa watoto. Mimi nimeshika umeme wa magari miaka 31, altaneta, stata, waya zilizoliwa na panya, siwezi leo kuogopa gari eti kwa kuwa haina plagi za injini. Kwa safari zako za Mbezi mpaka Posta, kusimama kutembea kusimama kutembea, hiyo gari imetulia kuliko ya mafuta, kwenye foleni haiungurumi wala haichomi kitu zaidi ya AC na redio, na ukikanyaga breki inarudisha umeme kidogo kwenye betri badala ya kuupoteza kwenye brekipedi.

Ninachoogopa ni unavyochagua. Umenitumia rangi, viti, rimu, mwaka 2014, kilomita 61,000, na bei ambayo kweli ni nzuri. Picha kumi na nne mama, hakuna hata moja ya betri. Kwenye hiyo gari betri ndo injini, ndo tenki, na ndo pesa yako yote ilipolala. Kilomita 61,000 hazikuambii kitu, inaweza kuwa gari ya bibi wa Kijapani aliyekuwa anaenda sokoni tu na bado betri imechoka kwa kukaa juani imejaa chaji.

Sikiliza sasa. Mwambie huyo dalali aiwashe mpaka iwe tayari kutembea, alafu apige picha geji ya betri iliyo upande wa kulia. Kuna vijiti virefu vinavyoonyesha chaji iliyopo saivi, hivyo achana navyo. Pembeni yake kabisa kuna vijiti vidogo vidogo, gari ikiwa mpya vinakuwa 12, hivyo ndo afya ya betri. Na wajanja walipanga hivi, kijiti cha kwanza hakidondoki mpaka betri ipoteze kama asilimia 15, baada ya hapo kila kijiti ni asilimia sita na kitu. Kwaiyo ukiona vimebaki 9 usiseme "si tatu tu zimepotea", hapo betri imeshapoteza zaidi ya robo.

Alafu hata hivyo vijiti vinadanganywa. Kuna watu wanaingia na mashine kwenye kompyuta ya gari wanafuta kumbukumbu, vijiti vinarudi 12 vyote vinang'aa, unanunua unafurahi, baada ya siku chache vinaanza kudondoka kimoja kimoja kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Mimi yalinikuta mwaka 1998 na pikapu, enzi hizo wanarudisha kilomita nyuma kwa bisibisi. Niliambiwa imetembea elfu themanini. Ilinifikisha Chalinze. Injini ilipofunguliwa fundi akaniangalia hivi akasema mzee hii imezunguka dunia, na mama yako alikuwa na mimba yako, tukalala Chalinze siku mbili. Aliyeniuzia simtaji, na hela nilishaisamehe, ila toka siku ile siamini namba iliyoandikwa kwenye dashibodi.

Unaamini kitu gani sasa? Vitu viwili. Kuna programu ya simu inaitwa LeafSpy, unanunua na kile kidude cha bluetooth cha kuchomeka OBD, lile tundu la kusomea kompyuta ya gari, chini ya usukani, inakusomea seli zote za betri moja moja, inakupa asilimia ya afya, inaandikwa SOH, na inaonyesha kama kuna seli moja imelegea kuliko wenzake, maana seli moja mbovu inawaangusha wote. Kidude ninacho, aliniachia mwalimu mmoja wa chuo huku Moro ambaye ana Leaf na anakuja kwangu kila ikimgomea. Cha pili ni barabara. Unaijaza mia kwa mia, unawasha AC, unaenda kilomita 30 kamili kwa mwendo wako wa kawaida, unaangalia imekula asilimia ngapi. Ikila 15 uko vizuri, maana yake ina kilomita 200 hivi ndani. Ikila 30 basi ina 100, na hapo ndo bado haujazeeka nayo. Ile namba ya kilomita zilizobaki inayoandikwa kwenye dashibodi usiishike sana, gari inakisia tu kutokana na ulivyoendesha karibuni, ukishuka mlima inakuahidi mengi, ukipanda inageuka.

Sasa tupige hesabu ya hiyo ya 2014. Betri yake ni ya uniti 24, zile zile uniti za luku, na hata ikiwa mpya huruhusiwi kuzitumia zote, unapata kama 21. Tuseme afya ni asilimia 70, unabaki na uniti 15. Uniti moja inakupeleka kilomita 6 mpaka 7. Kwaiyo ni kama kilomita 95, na huwezi kuikausha mpaka sifuri, toa akiba, unabaki na 75 au 80. Wewe kwa siku kwenda kurudi na kumpitia mtoto shule ni 55. Leo inatosha. Mwaka kesho inatosha kwa kubana AC. Mwaka wa tatu unanipigia simu uko Ubungo umesimama pembeni.

Na joto la Dar ndo adui yenyewe. Leaf za miaka hiyo betri yake haipozwi na maji kama gari nyingine za umeme, inategemea upepo na bahati. Kule Marekani, Phoenix, Arizona, ambako jua halina utani, mwaka 2012 wenye Leaf za mwanzo walilalamika sana vijiti vinadondoka kabla ya wakati, na Nissan baadaye wakaja kubadilisha kemia ya betri iwe inavumilia joto zaidi. Ya kwako imetoka Japani kwenye baridi, hapo Dar ndo inaanza maisha mapya. Kwaiyo kivuli, mama. Na usiiache imejaa mia kwa mia siku tatu juani eti unasafiri, iache kwenye hamsini sitini.

Ushauri wangu, ongeza hela, au subiri miezi kadhaa uongeze, utafute iliyotoka kuanzia mwisho wa 2017 kuja juu, ile yenye sura mpya, betri yake ni uniti 40. Hata ikiwa imechoka kidogo unapata kilomita 200 na zaidi. Na ushuru nao uangalie, gari ikivuka miaka 8 toka itengenezwe TRA wanakuongezea kwa ajili ya uzee, ikivuka 10 inapanda tena, kwaiyo hiyo "bei nzuri" ya 2014 muulize dalali ni bei ya wapi, ya Japani, ya bandarini au ya mkononi na namba juu. Waingie kwenye kikokotoo cha TRA mbele yako. Na akuonyeshe karatasi ya mnada ya Japani. Ukiona gredi imeandikwa R au RA ujue iligongwa ikarekebishwa.

Halafu kitu kingine kilichonichekesha. Ile ya pili uliyotuma, Nissan Note, ambayo dalali alikuambia "hii nayo ni ya umeme ila haisumbui kuchaji". Haisumbui kwa sababu haichajiwi! Ile ni e-Power, ndani ina injini ya petroli ya silinda tatu inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota. Gari nzuri tu, inabana mafuta, ila sheli utaenda kama kawaida. Huyo dalali ama hajui anachouza ama anajua sana.

Hela ya kila mwezi sasa, maana najua hapo ndo unapotaka nifike. Kilomita 55 siku 26 ni kama 1,430. Ukijumlisha na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, weka uniti 250. Kwa 356 na senti kidogo kila uniti unapata kama elfu tisini. Hako kavitsi unakoazima kwa shemeji yako kwenye foleni kanakupa kilomita 12 kwa lita, ni lita 119, na lita ikiwa elfu tatu hivi ni laki tatu na nusu. Mama yako kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei anazima redio, anasema hataki presha, basi hiyo presha utakuwa umeikwepa. Ila kama mita yenu iko kwenye ile tarifa ya chini ya uniti 75 kwa mwezi, isahau, utaivuka wiki ya pili.

Na mita yenyewe ni ya nani? Hapa ndo pagumu kuliko betri. Umepanga, mko wapangaji wanne, luku moja. Siku ya kwanza wataona gari imechomekwa usiku kucha, siku ya pili umeme ukiisha saa tano usiku jina lako ndo litatajwa, hata kama ni pasi ya mwingine. Ongea na mwenye nyumba kabla hujanunua gari, sio baada. Muombe uvute mita yako mwenyewe, au weka sabmita, kile kimita kidogo cha kusoma matumizi yako peke yako, na uwe unalipa mbele kabla hawajakudai.

Waya nitakuja kuvuta mimi, sitaki fundi wa kuokota. Laini yake peke yake toka kwenye meinswichi, waya wa milimita 4 kwenda juu, breka yake, na ethi ya kweli iliyochimbiwa, maana nyumba nyingi huko Dar ethi ni picha tu kwenye soketi. Ekstensheni hapana. Ile inavuta ampea kumi masaa manne matano mfululizo, ekstensheni ya elfu kumi itayeyuka huku umelala. Kwa soketi ya kawaida, kilomita 55 zako zinarudi kwa masaa manne hivi, unachomeka saa nne usiku, alfajiri iko tayari. Na hakikisha waya wa kuchajia upo ndani ya buti, magari mengi yanafika bila huo waya, na uliotengenezewa umeme wa Japani usiuchomeke mpaka niusome maandishi yake, kwao soketi ya kawaida ni volti 100.

Ukishaipata, boneti asifungue mtu ovyo. Kuna waya za rangi ya chungwa mle, zina volti zaidi ya 300, na sio umeme wa kupishana kama wa soketi ya ukutani, ni DC, umeme wa upande mmoja kama wa betri, ikikushika inaua. Kijana wangu wa gereji alitaka kuzipima na ile taa yetu ya kupimia, ya volti 12! Nilimvuta shati. Ila betri ndogo ya volti 12 ipo kama gari zote, na hiyo ikifa gari haiwaki kabisa hata kama betri kubwa imejaa, watu wanaita breakdown wanalia betri imekufa kumbe ni hii ya kawaida. Hiyo bei yake unaijua.

Chini nako nitalala niangalie. Betri iko chini ya sakafu, na njia ya kuingia kwenu naijua yale mawe, nataka nione kama boksi lake halijapigwa. Gari ni nzito, tani moja na nusu, bushi na shokapu zinaisha mapema. Mvua za masika ukikuta maji yamefunga barabara rudi nyuma ulale kwa shangazi, usifuate daladala.

Na kuja Moro na hiyo gari toa kwenye mawazo. Ni kilomita 190 na ushee, hata ile ya uniti 40 utafika unatetemeka, na ile tundu yake ya kuchaji haraka ni ya Kijapani, CHAdeMO, usitegemee kukuta ya kwako njiani. Panda treni ya SGR, haizidi masaa mawili, nayo ni ya umeme hiyo hiyo.

Jumamosi nashuka na treni ya asubuhi, nakuja na mita yangu, kile kidude cha OBD na ovaroli. Usitoe hata advansi. Mwambie dalali gari aiache na chaji mia kwa mia na asiipeleke popote mpaka tufike, akikataa kutupa kilomita 30 za kujaribu tunaenda zetu kula samaki Feri. Mama yako anauliza kama mchele wa Kyela ule uliisha, nije na kilo ngapi.

Baba